Bajeti ya afya imeongezeka, mbona pengo kati ya maskini na wenye nacho halipungui?

Msomaji anauliza: "Nachambua bajeti ya afya kwa niaba ya kikundi cha wananchi kinachofuatilia matumizi ya serikali. Katika miaka 10 fedha za afya zimeongezeka maradufu. Hata hivyo tafiti za kaya zinaonyesha kuwa watu wazima maskini bado wanaugua na kufa mapema kuliko wenye nacho, na kwa baadhi ya vipimo pengo limepanuka. Je, ina maana fedha za serikali hazisaidii kupunguza tofauti za afya? Na nitapimaje jambo hili bila kujidanganya?"

Ndugu msomaji,

Fedha za serikali zinasaidia, ila wingi wake peke yake huinua wastani tu. Pengo hutikiswa na mambo mawili: fedha zinatua katika ngazi gani ya huduma, na mgonjwa anatoa kiasi gani mfukoni kabla hajahudumiwa. Bajeti inaweza kupanda miaka nenda rudi na mambo hayo mawili yasiguswe hata kidogo.

Kwanza, lakini, lihakiki hilo ongezeko lenyewe. Kuna fedha zilizopitishwa, fedha zilizotolewa na hazina, na fedha zilizotumika kweli. Shika hizi za mwisho, ondoa mfumuko wa bei, kisha gawa kwa idadi ya watu. Tuseme bei zimepanda kwa asilimia 6 kila mwaka na watu wameongezeka kwa asilimia 2.5. Kwa miaka 10, bei zimezidi mara 1.79 na watu mara 1.28, yaani mara 2.29 kwa pamoja. Bajeti iliyoongezeka maradufu katika hali hiyo imeshuka kwa karibu asilimia 13 kwa kila mtu. Wachambuzi wengi hukosea hapa hapa mlangoni, wakatafuta sababu za kitu ambacho hakikutokea. Angalia pia kama michango ya bima ya lazima imehesabiwa: katika utaratibu wa kimataifa wa hesabu za afya wa mwaka 2011, fedha hizo huwekwa upande mmoja na za serikali, na nchi iliyoanzisha bima ya lazima katikati ya kipindi chako itaonekana imeruka ghafla.

Sasa njia ya fedha. Kipimo chake kinaitwa uchambuzi wa wanufaika wa matumizi ya serikali, na unaweza kukifanya kwa takwimu za utafiti wa kaya na jedwali la matumizi ya wizara. Panga watu wazima kwa matumizi ya kaya kwa kila mtu, kwa kuwa kipato wanachokitaja wenyewe hakiaminiki sana pale penye vibarua na kilimo. Wagawe katika mafungu matano yenye watu sawa, kuanzia maskini kabisa. Hesabu kila fungu limehudhuria mara ngapi katika kila ngazi. Gawa matumizi ya serikali ya ngazi hiyo kwa mahudhurio yote ili upate gharama ya hudhurio moja, zidisha kwa mahudhurio ya kila fungu, kisha toa ada ambazo wagonjwa wa fungu hilo walilipa kwenye kituo cha umma.

Chukua mfano wa kubuni, tukiacha ada kando kwa sasa. Fungu la chini linachukua asilimia 24 ya mahudhurio ya zahanati na asilimia 12 ya siku za kulazwa hospitalini. Fungu la juu linachukua asilimia 14 ya zahanati na asilimia 30 ya kulazwa. Serikali inapeleka 30 kati ya kila 100 zahanati, na 70 hospitalini. Fungu la chini linapata 7.2 kutoka zahanati na 8.4 kutoka hospitali, jumla 15.6. Fungu la juu linapata 4.2 na 21, jumla 25.2. Ongeza bajeti maradufu kwa mgawanyo uleule, na kila fungu litapata maradufu: maskini 31.2, wenye nacho 50.4. Uwiano haukusogea, na tofauti yenyewe imekua kutoka 9.6 hadi 19.2. Lakini badilisha mgawanyo uwe 50 kwa 50 bila kuongeza hata senti, na fungu la chini linapanda hadi 18 huku la juu likishuka hadi 22. Kwa tarakimu hizi, mafungu hayo mawili yatalingana pale zahanati zitakapopata takriban 64 kati ya 100.

Na kulingana huko bado si haki, kwa sababu maskini wanaugua zaidi. Kwa hiyo usilinganishe mgao wa fungu la chini na asilimia 20 ya idadi yake tu. Ulinganishe na sehemu yake ya mzigo wa maradhi. Fungu linalobeba asilimia 28 ya ulemavu na magonjwa sugu likapata asilimia 20 ya fedha, limepunjwa.

Hesabu hii ina mitego yake. Maswali ya tafiti za kaya huuliza mahudhurio ya nje, yaani ya kutibiwa bila kulazwa, kwa wiki 2 au 4 zilizopita, na kulazwa kwa miezi 12. Usipozidisha ya wiki 2 kwa 26, au ya wiki 4 kwa 13, hospitali itaonekana inahudumia watu wengi kuliko ukweli. Mtego wa pili ni kuchanganya watoto na watu wazima. Chanjo na kliniki za wajawazito huwafikia maskini vizuri kiasi katika nchi nyingi, nazo huficha hali ya mwanamume wa miaka 50 mwenye shinikizo la damu ambaye hana mpango wowote uliomlenga. Tenga umri wa miaka 15 au 18 kwenda juu na ufanye hesabu yao peke yao. Tatu, na huu ndio unaonisumbua zaidi: gharama ya hudhurio moja huchukuliwa kuwa sawa kila mahali. Zahanati ya eneo maskini yenye mhudumu mmoja na rafu tupu haimpi mgonjwa thamani ileile ya kituo kilichokamilika. Ukiwa na matumizi ya kila wilaya, yatumie badala ya wastani wa taifa. Utakuta picha ni mbaya kuliko ulivyodhani.

Jambo hili lilitajwa mapema. Mwaka 1971 daktari Julian Tudor Hart, aliyekuwa akihudumia jamii ya wachimba makaa ya mawe huko Wales, alieleza kuwa upatikanaji wa huduma nzuri huelekea kwenda kinyume na uhitaji wa watu wanaohudumiwa. Aliandika hayo katika nchi iliyokuwa na huduma ya taifa ya bure tangu 1948. Uingereza baadaye ilianza kugawa fedha kwa fomula inayozingatia vifo na umaskini wa kila eneo, na katika muongo wa 2001 hadi 2011, maeneo maskini ya England yalipoongezewa zaidi ya mengine, tofauti ya vifo vinavyoweza kuzuiwa na tiba ilipungua kati yao na maeneo ya wenye nacho. Kilichotangulia ni uamuzi wa kutogawa ongezeko kwa usawa.

Tuje kwenye mfuko wa mgonjwa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2010 ilionyesha kuwa malipo ya moja kwa moja yanaposhuka hadi asilimia 15 au 20 ya matumizi yote ya afya, kaya zinazofilisika kwa ajili ya matibabu huwa chache sana. Kwa hiyo tafuta asilimia hiyo kwa nchi unayoichambua, mwaka kwa mwaka. Bajeti ikipanda na malipo ya mfukoni yakabaki asilimia 40, mlango wa huduma haujafunguka kwa maskini. Viwango vilivyozoeleka vya kupima mzigo ni matumizi ya matibabu yanayozidi asilimia 10, au 25, ya matumizi yote ya kaya. Vitumie, ila usisahau wasioonekana ndani yake: mtu ambaye hakwenda kabisa kwa kukosa nauli anaingia kwenye takwimu kama mtu asiyelemewa. Weka pembeni ya kipimo hicho safu nyingine: asilimia ya watu wazima walioumwa wasitafute huduma, na sababu waliyoitaja. Ukiona mzigo wa malipo umeshuka kwa fungu la chini huku wasiokwenda wakiongezeka, hiyo ni habari mbaya iliyovaa nguo ya habari njema.

Kufuta ada nako si kuandika waraka tu. Ada ya zahanati ndiyo mara nyingi iliyokuwa ikinunua sabuni, glavu na dawa za dharura. Ikifutwa bila fedha ya kuziba nafasi yake kufika kituoni mapema, dawa huisha, mgonjwa anaandikiwa akanunue nje, na bei ya duka la dawa inaweza kuwa kubwa kuliko ada iliyofutwa. Thailand ilipoanzisha bima yake ya wote mwaka 2002, kwa malipo ya baht 30 kwa hudhurio, ilikuwa imetumia miongo miwili na zaidi kujenga hospitali za wilaya na kuwapeleka madaktari vijijini kwa utumishi wa lazima. Mtandao wa wilaya ulipewa fedha kwa kichwa cha kila mtu aliyeandikishwa. Kaya zilizotumbukia katika umaskini kwa sababu ya matibabu zilipungua. Nchi zinazoiga kadi ya bima bila kuiga zahanati na hospitali za wilaya zinaiga nusu iliyo rahisi.

Kwa watu wazima kuna ugumu wa ziada ambao haupo kwa chanjo. Chanjo ni tendo la mara chache. Shinikizo la damu na kisukari ni mnyororo usiokatika: kupimwa, kuanzishiwa dawa, kuikuta dawa, kuendelea nayo miaka na miaka. Duniani kuna watu takriban bilioni 1.4 wa umri wa miaka 30 hadi 79 wenye shinikizo la juu la damu, karibu nusu yao hawajui kuwa wanalo, na takriban mmoja kati ya watano tu ndiye aliyelidhibiti. Kila hatua ya mnyororo huo ina tundu, na matundu huzidishana.

Tazama kwa tarakimu, za kubuni tena. Kati ya wenye nacho walio na ugonjwa, 80 kwa 100 wamepimwa. Kati yao asilimia 90 wameanzishiwa tiba. Asilimia 80 ya hao wanaikuta dawa kila wanapoifuata. Na asilimia 80 ya hao wanaendelea nayo. Zidisha: 46 kwa 100 wamedhibiti shinikizo. Kwa maskini, hatua hizo ni asilimia 50, 70, 60 na 60. Zidisha: hawafiki 13. Sasa serikali inamwaga fedha kwenye dawa hadi zinapatikana kwa asilimia 100 kwa wote. Wenye nacho wanapanda hadi 58, maskini hadi 21. Tofauti imepanuka, kutoka 33 hadi karibu 37, ingawa maskini wamenufaika kweli. Sababu ni kwamba dawa imewakuta wenye nacho wakiwa tayari wamepimwa na wana nauli ya kurudi mwezi ujao. Ukitaka 21 ya maskini ikue haraka, nenda kwenye hatua yao iliyooza zaidi. Hapo sasa ni kupimwa: kuwapima watu wazima wote wanaoingia kituoni kwa sababu yoyote, na kuwafuata majumbani wasioingia. Fuatisha dawa za miezi mitatu kwa mkupuo mmoja kwa mgonjwa aliyetulia, ili safari 12 za mwaka ziwe 4. Hatua hiyo ya pili haidai jengo jipya. Inadai akiba ya dawa inayotosha na kanuni ya utoaji iliyobadilishwa.

Mfano huohuo unatufikisha kwenye swali lako la vipimo. Tofauti ilipanuka kutoka 33 hadi 37, lakini uwiano ulishuka kutoka 3.7 hadi 2.7. Mtu wa wizara atasema pengo limepungua, mwanaharakati atasema limeongezeka, na wote wawili watakuwa sahihi. Kwa vifo huwa kinyume: vikishuka kutoka 400 hadi 300 kwa maskini na kutoka 200 hadi 140 kwa wenye nacho, kwa kila watu 100,000, tofauti imepungua kutoka 200 hadi 160 lakini uwiano umepanda kutoka 2 hadi 2.14. Ripoti vyote viwili kila mara, pamoja na viwango vyenyewe vya kila fungu. Asiyetaja viwango vya mafungu anakunyima njia ya kumhakiki.

Usitumie mafungu ya mwisho mawili peke yake. Yanasahau watu asilimia 60 walio katikati. Njia rahisi ni kuyapa mafungu nafasi 0.1, 0.3, 0.5, 0.7 na 0.9, kisha kuchora mstari ulionyooka unaopita karibu na viwango vyao. Mwinuko wa mstari huo ndio tofauti kati ya aliye chini kabisa na aliye juu kabisa, ukiwa umewahesabu wote. Ukipenda fahirisi ya mkusanyiko, ile inayoonyesha kama jambo limejikusanya zaidi kwa maskini au kwa wenye nacho na inayokwenda kutoka hasi 1 hadi chanya 1, kumbuka kuwa kwa jambo la ndiyo au hapana mipaka yake husogea kadiri wastani unavyobadilika, hivyo huwezi kulinganisha mwaka wa 10 na wa 1 hivi hivi. Tumia sahihisho lililopendekezwa na mchumi Guido Erreygers mwaka 2009.

Na afya yenyewe, ipime kwa kitu kinachopimika. Swali la "unaonaje afya yako?" linawapotosha wanaolinganisha mafungu. Mchumi Amartya Sen alionyesha jambo hili kwa India: watu wa jimbo la Kerala, wanaoishi muda mrefu zaidi, waliripoti maradhi mengi kuliko watu wa jimbo maskini la Bihar, kwa sababu elimu na huduma zinawafanya wayatambue. Kwa hiyo bajeti nzuri inaweza kuongeza ugonjwa unaoripotiwa na maskini, na mchambuzi asiyejua akaiita hasara. Tafuta shinikizo lililopimwa kwa mashine, sukari ya damu, uwezo wa kutembea na kubeba, na uwezekano wa kufa kati ya miaka 15 na 60.

Sasa kama pengo limepanuka, usikimbilie kusema fedha ndizo zilizolipanua. Fedha hufuata maradhi: wilaya yenye wagonjwa wengi huongezewa, halafu takwimu inaonekana kana kwamba matumizi yanaleta ugonjwa. Ugonjwa nao humfukarisha mtu mzima kwa kumwondoa kazini, hivyo sehemu ya pengo ni watu walioteremka fungu kwa sababu waliugua. Ukiweza, wapange watu kwa elimu yao, ambayo haibadiliki sana baada ya miaka 25, na ulinganishe matokeo. Weka pia nafasi ya muda: fedha za mwaka huu kwa magonjwa sugu haziwezi kuonekana kwenye vifo vya mwaka huu, hivyo jaribu miaka 3, 5 na 8. Pia mtafiti wa afya Cesar Victora na wenzake walieleza mwaka 2000, kwa kuangalia afya ya watoto nchini Brazil, kwamba huduma mpya huchukuliwa kwanza na wenye nacho, pengo likapanuka, kisha likafungwa maskini wanapofikiwa. Miaka 10 yako inaweza kuwa imeishia kwenye kilele cha mlima huo. Ili kujua, angalia kama wenye nacho wamekaribia ukomo huku maskini wakiendelea kupanda. Kama maskini nao wamesimama, usingoje; pengo hilo halitajifunga.

Kuna majaribio mawili ya Marekani yanayostahili kusomwa pamoja, kwa kuwa yanahusu watu wazima na watu waligawanywa kwa bahati nasibu. Lile la taasisi ya utafiti ya RAND, kati ya 1974 na 1982, lilikuta kwamba tiba ya bure haikubadilisha sana afya ya mtu wa wastani, lakini iliboresha udhibiti wa shinikizo la damu, hasa kwa maskini waliokuwa nalo. Lile la jimbo la Oregon la mwaka 2008, baada ya takriban miaka miwili, lilikuta waliopata bima ya umma wanatibiwa zaidi, msongo wa kifedha na sonona vimepungua, na gharama za kufilisi zimekaribia kwisha, lakini shinikizo, lehemu na sukari havikuonyesha mabadiliko ya uhakika. Nasoma hivi: malipo yakiondolewa, hofu ya gharama inaondoka haraka, ila mwili unahitaji mnyororo mzima ufanye kazi.

Sehemu ya pengo haitaguswa na bajeti ya afya hata igawanywe vizuri namna gani. Utafiti wa Whitehall, kwa watumishi wa serikali wa London waliokuwa wote na ajira na haki ya tiba ya bure, ulikuta wanaume wa daraja la chini wakifa kwa kiwango cha karibu mara tatu ya wale wa daraja la juu. Tumbaku, hatari za kazini, moshi wa kupikia na makazi vina bajeti zao nyingine, nje ya ile ya afya. Ndiyo maana nakushauri uvitenge vifo vinavyozuilika kwa tiba na vingine: vya kwanza ndivyo unavyoweza kuidai wizara ya afya.

Katika ripoti yenu, basi, ombeni majedwali haya kwa majina: matumizi halisi ya kila wilaya, yaliyotenganishwa mishahara, dawa na majengo, sehemu iliyofika ngazi ya zahanati, siku ambazo dawa tano za msingi za shinikizo na kisukari hazikuwepo kwenye kila kituo, na fomula iliyotumika kugawa ongezeko la kila mwaka. Hilo la mwisho ndilo mtakalonyimwa mara nyingi, na mara nyingi sababu ni kwamba fomula haipo: kila wilaya imeongezewa asilimia ileile juu ya ilichokuwa nacho mwaka uliopita. Likiwa ndilo jibu, umeshapata sababu ya pengo lako kukaa palepale, na unajua ukurasa gani wa bajeti wa kuanzia.